Gripen za Afrika Kusini: ndege ya kivita huingia kazini lini hasa?

Swali kutoka kwa msomaji wa Morogoro: "Afrika Kusini ilinunua ndege mpya 26 aina ya Gripen, ambazo nasoma kwamba moja inafanya kazi ya ndege tatu. Baadaye nikasikia karibu nusu yake zimewekwa ghalani, na mwaka 2021 zote zikaacha kuruka. Je, waliuziwa ndege mbovu? Na kama zilikwisha kuingia kazini kwa sherehe, ziliwezaje kutoka kazini bila vita wala ajali?"

Jibu: Ndugu msomaji, ndege hizo hazikuwa mbovu. Jamhuri ya Cheki na Hungaria zilipata Gripen za toleo lile lile katika miaka inayokaribiana, na zimeendelea kuzirusha mwaka hadi mwaka, zikilinda anga zao na hata anga za majirani. Kilichokwama Afrika Kusini hakionekani katika picha za sherehe za kupokea ndege: mkataba wa matengenezo, vipuri, na fedha za saa za kuruka. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu maneno haya "kuingia kazini" hutumiwa kana kwamba ni tukio la siku moja, ilhali kwa sisi tuliozeekea kwenye mabanda ya ndege ni hali inayodumishwa kila siku, na inayoweza kupotea kimyakimya pasipo mtu kutangaza lolote.

Tuanze na hizo kazi tatu. Jina kamili la ndege hii ni JAS 39 Gripen, na herufi tatu za mwanzo zimetokana na maneno ya Kiswidi Jakt, Attack na Spaning, yaani kuwinda ndege za adui, kushambulia shabaha zilizo chini, na kupeleleza. Kabla yake Uswidi ilitumia Viggen, ambayo ilitengenezwa kwa matoleo tofauti, moja la kushambulia, mengine ya upelelezi, na jingine la kupigana angani. Nchi ndogo iliyokuwa ikijitegemea kiulinzi isingeweza kuendelea kugharimia matoleo yote hayo na marubani wake, kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaamua kutengeneza ndege moja ambayo rubani wake angeweza kubadilisha jukumu kwa kubonyeza vitufe, hata akiwa tayari angani. Huo ndio msingi wa ahadi uliyoisoma kwamba ndege moja inafanya kazi ya ndege tatu, na kwa upande wa mtambo wenyewe ahadi hiyo ni ya kweli.

Ndege yenyewe ni ndogo. Toleo la C, lenye kiti kimoja, lina urefu wa takriban mita 14, upana wa mabawa wa mita 8.4, na uzito wa juu kabisa wa kuruka wa tani 14. Lina injini moja iitwayo RM12, ambayo kampuni ya Volvo iliitengeneza kutokana na injini ya F404 ya General Electric ya Marekani. Nakuomba uikumbuke injini hiyo, kwa kuwa nitairudia. Waswidi, wakihofia kwamba vita vikianza viwanja vyao vya ndege vitapigwa saa ya kwanza, waliitaka iweze kutua kwenye vipande vya barabara za kawaida vyenye urefu wa mita 800 hivi, ijazwe mafuta na silaha hapo hapo kwa muda wa takriban dakika 10, na kazi hiyo ifanywe na fundi mmoja aliyebobea akisaidiwa na vijana wachache walioingia jeshini kwa mujibu wa sheria.

Hizo dakika 10 zimewapendeza wanunuzi wengi, na ni kweli zinawezekana. Hata hivyo zinahusu huduma ya mstari wa mbele tu, yaani mafuta, makombora, ukaguzi wa haraka, na ndege kurudi angani. Kufungua injini, kupima nyufa kwenye fremu, kurekebisha rada iliyoharibika ndani, au kubadilisha toleo la programu za kompyuta zinazoiongoza ndege ni kazi ya namna nyingine kabisa, ambayo haifanyiki kando ya barabara, na mara nyingi haifanyiki hata ndani ya nchi iliyonunua. Mtu akisoma kijitabu cha mauzo bila kutenganisha huduma hizo mbili, atadhani amenunua ndege isiyohitaji karakana.

Isitoshe, hata wenyewe Waswidi hawakuipata ndege hii kwa wepesi. Iliruka kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 1988, na mwezi Februari 1989 ikaanguka ilipokuwa inatua huko Linköping, kwa sababu ya kasoro katika programu ya kompyuta ya uongozaji. Gripen imeundwa kwa makusudi isiwe tulivu angani, ili igeuke upesi. Kompyuta ndiyo inayoishika isipinduke, mara nyingi kwa sekunde, na kompyuta ikikosea rubani hana mabavu ya kuirekebisha kwa mkono. Mwezi Agosti 1993 nyingine ilianguka katikati ya Stockholm, mbele ya umati uliokuwa kwenye tamasha, rubani akajiokoa kwa kiti cha kurushwa nje, na kwa bahati kubwa hakuna aliyekufa. Ilianza kutumika rasmi katika jeshi la anga la Uswidi mwaka 1996. Tangu kuruka mara ya kwanza hadi kuanza kutumika ilipita miaka zaidi ya saba, na hiyo ni nchi iliyoiunda yenyewe.

Afrika Kusini iliifikia Gripen kwa njia ya ununuzi mkubwa wa silaha uliotiwa saini mwezi Desemba 1999, ambao ulihusisha pia manowari za juu ya maji, nyambizi, helikopta, na ndege 24 za mafunzo aina ya Hawk, kwa gharama iliyotajwa wakati huo kuwa takriban rand bilioni 30. Ununuzi huo uliacha kesi na tume za uchunguzi ambazo hazihusiani na swali lako, nami nitaziacha. Idadi ya Gripen ilikuwa 28 mwanzoni, ikapunguzwa hadi 26, kati yake 17 zikiwa za kiti kimoja na 9 za viti viwili. Zilichukua nafasi ya Cheetah, ndege ambayo Afrika Kusini iliiunda upya kutokana na Mirage III ya Kifaransa wakati ilipokuwa imewekewa vikwazo vya silaha, na ambayo wahandisi wake waliifahamu kuanzia ncha ya pua hadi mkia. Tofauti hiyo si ndogo. Cheetah ilikuwa yao, hata kama mifupa yake ilitoka Ufaransa, ilhali Gripen ilikuja na mwenyewe, yaani Mswidi aliyeiunda.

Ndege ya kwanza, ya viti viwili na yenye vipimo maalumu vya majaribio, ilifika Cape Town kwa meli mwaka 2006, ikapelekwa katika kituo cha majaribio cha Overberg, kusini kabisa mwa nchi. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba ndege ambayo tayari inatumika Uswidi ilihitaji majaribio tena. Sababu ni kwamba Gripen za Afrika Kusini zilikuwa na vitu vyake: mitambo ya mawasiliano ya jeshi lake, kofia ya rubani inayomwezesha kulenga kombora kwa kugeuza kichwa, na silaha ambazo Waswidi hawakuwa nazo. Kila kitu kinachoning'inizwa chini ya bawa hubadilisha namna ndege inavyoruka, inavyotikisika, na inavyotua, na kila kimoja lazima kipimwe peke yake na pamoja na vingine kabla rubani wa kawaida hajaruhusiwa kukitumia.

Makabidhiano ya kikosi yalianza mwezi Aprili 2008, na mwezi huo huo Cheetah za mwisho zikastaafishwa. Zilizotangulia kufika ni zile za viti viwili, kwa sababu kikosi kipya huhitaji kwanza walimu, na mwalimu huhitaji kiti cha nyuma. Kwa hiyo pakawa na kipindi ambacho ndege ya zamani imeondoka na mpya ipo kwa ajili ya kufundishia tu. Jeshi la anga lenye adui mlangoni lisingethubutu kufanya hivyo. Afrika Kusini haikuwa na adui wa namna hiyo, na nadhani hapo ndipo mzizi wa mambo yote yaliyofuata ulipo: pasipo tishio la karibu, kila waziri wa fedha ataona bajeti ya kuruka kuwa ndiyo rahisi kuliko zote kuikata.

Kikosi kilichopewa ndege hizo ni Kikosi cha 2, chenye makao katika kambi ya Makhado, jimbo la Limpopo. Ni kikosi chenye historia, tena historia inayotugusa: kilipigana hapa Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kati ya 1950 na 1953 kikapigana Korea kwa ndege za Mustang na baadaye Sabre. Rubani anayetaka kufika hapo huanza na ndege ya pangaboi la mbele aina ya Pilatus PC-7 Mk II huko Langebaanweg, akifaulu huenda kwenye Hawk, ambayo nayo iko Makhado, na baada ya hapo ndipo hupanda Gripen. Ukikata fedha za Hawk leo, utakosa rubani wa Gripen baada ya miaka michache, na hakuna fedha yoyote itakayokurudishia miaka hiyo kwa haraka.

Sasa niseme kuhusu uwezo wa kazi nyingi, maana hapo ndipo wasomaji wengi wanapopotea. Ndege inakuja na uwezekano wa kazi tatu, lakini kila kazi hununuliwa upya, kwa bei yake. Ili kupigana angani, Afrika Kusini ilinunua kombora la Kijerumani la IRIS-T kama la muda, huku kampuni yake ya Denel ikiendelea kuunda A-Darter kwa ushirikiano na Brazili. Kombora hilo lilirushwa kutoka Gripen kwa majaribio mwaka 2010. Ili kushambulia ardhini kwa usahihi, unahitaji chombo cha kulengea kinachofungwa chini ya ndege, chenye kamera ya joto na miale ya leza, na Afrika Kusini ilichukua Litening kutoka Israeli. Ili kupeleleza, unahitaji kamera, lakini zaidi ya kamera unahitaji watu wa ardhini wanaoweza kuzisoma picha hizo usiku huo huo na kumwambia kamanda wameona nini. Halafu ukishavipata vyote, rubani yule yule mmoja ndiye anayepaswa kuwa hodari wa kazi zote tatu, na hodari huyo haundwi darasani. Katika nchi za NATO kipimo kinachotajwa sana ni saa 180 za kuruka kwa mwaka kwa kila rubani. Rubani mwenye kazi moja anaweza kuponea kwa saa chache zaidi. Mwenye kazi tatu akipewa saa hizo chache, atakuwa anazifahamu zote tatu nusunusu.

Kwa haki yao, walianza vizuri. Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2010, Gripen zilikuwa miongoni mwa ndege zilizolinda anga la Afrika Kusini, kazi ambayo kwa watazamaji ni ya kuchosha lakini kwa kikosi kipya ni mtihani wa kweli, kwa kuwa huhitaji ndege zilizo tayari kila siku kwa mwezi mzima, wala si siku moja ya maonyesho. Ningeulizwa mimi ni lini Gripen iliingia kazini Afrika Kusini, ningetaja majira hayo ya Juni na Julai 2010 kabla ya kutaja sherehe yoyote.

Ndege ya mwisho ilipokelewa mwaka 2012. Mwezi Machi 2013 Waziri wa Ulinzi, Nosiviwe Mapisa-Nqakula, alilijulisha Bunge kwamba ndege 12 kati ya 26 zimewekwa katika hifadhi ya muda mrefu, kwa kuwa bajeti haikutosha kuzirusha zote. Hebu tazama tarehe hizo mbili: nchi ilikuwa ikitoa ndege ghalani kwa muuzaji na kuziingiza ghalani kwake karibu kwa wakati mmoja. Mwezi huo huo wa Machi, wanajeshi 13 wa Afrika Kusini waliuawa Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na watu wakauliza ndege za kivita zilikuwa wapi. Lilikuwa swali la haki, ila jibu lake lina sehemu mbili. Kutoka Makhado hadi Bangui ni zaidi ya kilomita 3,000. Gripen ina mrija wa kupokelea mafuta angani, lakini ndege za Boeing 707 zilizokuwa zikiyabeba mafuta hayo zilistaafishwa mwaka 2007 na hazikupata mrithi. Mrija bila ndege ya mafuta ni pambo. Huo ni mfano mmoja wa namna uwezo ulioandikwa kwenye mkataba unavyoweza kukaa miaka bila kuwa uwezo wa jeshi.

Utaniuliza, basi kuweka ndege ghalani si kuzitunza? Kwa kiasi fulani, ndiyo, ikiwa ghala lina hewa kavu, injini zimepakwa dawa ya kuzuia kutu, na ndege zinazungushwa ili kila moja ipate zamu ya kuruka. Lakini ndege ina saa mbili zinazohesabu kwa pamoja. Moja huhesabu muda wa kuruka, nayo husimama ndege inaposimama. Nyingine ni kalenda, na hiyo haisimami. Baruti ndogo zinazokirusha kiti cha rubani nje wakati wa hatari zina tarehe ya kwisha muda, iwe ndege imeruka au haijaruka, mipira ya kuzuia mafuta kuvuja hukauka na kupasuka, betri hufa. Kisha kuna kishawishi ambacho kila fundi anakijua: kikikosekana kipuri, utakitoa kwenye ndege iliyolala ili kuiponya iliyo macho, kama gari linavyochinjwa gereji. Mara ya kwanza ni dharura, mara ya kumi ni utaratibu, na ikifika hapo ile iliyolala haitaamka kwa gharama ndogo.

Nimeahidi kuirudia injini. RM12 ni ya Uswidi kwa mkono na ya Marekani kwa asili, na ndivyo zilivyo sehemu nyingi za ndege za kisasa: kiti cha rubani kimetoka Uingereza, kombora limetoka Ujerumani na chombo cha kulengea Israeli. Mmiliki wa ndege hawezi kwenda dukani kununua jani moja la feni la injini hiyo. Anahitaji muuzaji mwenye idhini, hati inayoonyesha jani hilo lilitengenezwa lini na wapi, na mara nyingi ruhusa ya serikali ya nchi ya tatu. Vilevile kasoro mpya ikigunduliwa kwenye Gripen popote duniani, Saab, kampuni ya Uswidi inayoziunda, hutoa maelekezo ya kiufundi kwa wateja wenye mkataba wa huduma, wakiambiwa wakague nini na kabla ya saa ngapi za kuruka. Jeshi lisilo na mkataba halipokei maelekezo hayo. Fundi wake anaweza kuwa stadi, ndege inaweza kuwaka vizuri asubuhi ile, lakini hakuna anayeweza kutia saini kwamba ni salama kuruka, na mkuu wa kikosi mwenye akili hatamruhusu rubani kupanda ndege isiyo na saini hiyo.

Hicho ndicho kilichotokea mwaka 2021. Mkataba wa huduma ulikwisha, mpya haukupatikana kwa wakati kwa sababu ya uhaba wa fedha na mabishano ya gharama, na Gripen zote zikakaa chini kwa takriban mwaka mzima hadi mkataba mwingine ulipotiwa saini mwezi Septemba 2022. Baada ya hapo baadhi zikarudi angani. Ndege mbovu haiponywi na saini ya karatasi, na hili peke yake lingetosha kulijibu swali lako la kwanza.

Linganisha na Cheki na Hungaria nilizozitaja. Kila moja ilichukua ndege 14 kwa njia ya kukodi, Cheki ikianza kuzipokea mwaka 2005 na Hungaria mwaka 2006. Katika mikataba ya namna hiyo malipo ya kila mwaka hujumuisha mafunzo na msaada wa kiufundi, kwa hiyo waziri hawezi kukata matengenezo akabakiwa na ndege. Akikata, amekata vyote viwili, na aibu itamwangukia mchana kweupe. Ndege zilikuwa chache, lakini ziliruka. Za Cheki zililinda anga la nchi za Baltiki (Estonia, Latvia na Lithuania) mwaka 2009, na za Hungaria zikafanya hivyo mwaka 2015. Sisemi kwamba kukodi ni bora kila mahali, kwani mwisho wa mkataba unaweza kubaki mikono mitupu, lakini muundo wa malipo ulilazimisha nidhamu ambayo ununuzi wa moja kwa moja hauilazimishi.

Wala tusidhani kwamba wenye fedha hawajikwai. Mwaka 2011 Uswidi yenyewe ilipeleka Gripen nane Sigonella, kisiwani Sicily, kushiriki operesheni ya NATO juu ya Libya. Zilipofika ikagundulika kwamba kambi ile, iliyotumiwa na jeshi la majini la Marekani, ilikuwa na mafuta ya aina inayotumiwa na ndege za manowari, siyo yale ambayo Gripen zilihitaji, na safari za mwanzo zikakwama hadi mafuta yanayofaa yalipopatikana. Baadaye zilifanya kazi nzuri sana ya upelelezi. Ndege ilikuwa kamili, rubani kamili, kamera kamili. Palikosekana petroli tu, kama tusemavyo mitaani.

Brazili nayo imepita njia nyingine, ambayo nadhani Waafrika tunapaswa kuiangalia kuliko tunavyofanya. Iliichagua Gripen ya toleo jipya la E mwezi Desemba 2013, ikatia saini mkataba wa ndege 36 mwaka 2014, na ikaiingiza kazini rasmi mwezi Desemba 2022 katika kambi ya Anápolis, ikiwa na ndege chache tu mkononi. Miaka tisa kati ya kuchagua na kutumia ilitumika, pamoja na mambo mengine, kuwapeleka mamia ya wahandisi na mafundi wake Uswidi na kujenga sehemu ya kuunganishia ndege hizo katika kiwanda cha Embraer, kampuni ya ndege ya Brazili, huko Gavião Peixoto. Skrini kubwa iliyo mbele ya rubani imetengenezwa na kampuni ya Porto Alegre. Ni njia ghali, na ratiba imechelewa mara kadhaa, lakini fundi wa Brazili anapofungua ndege hiyo anafungua kitu ambacho baadhi ya wenzake walishiriki kukiunda. Hata kwake bado injini inatoka Marekani, kwa hiyo uhuru wake una mpaka.

Je, Afrika Kusini ilikosea kuchagua Gripen? Wako wanaosema hivyo, na wako wanaodai kwamba nchi hiyo haikuhitaji ndege ya kivita hata moja. Maoni yangu ni kwamba aina ya ndege ilichaguliwa vizuri, maana kwa nchi isiyo na bajeti kubwa, ndege ndogo yenye injini moja ina nafuu ya gharama za kuruka kuliko ndege kubwa ya injini mbili. Kosa lilikuwa kwenye idadi. Ndege 26 zilipangwa kwa matumaini ya bajeti ya ulinzi ambayo haikuja; matumizi ya ulinzi ya nchi hiyo yamekuwa chini ya asilimia 1 ya pato la taifa kwa miaka mingi. Laiti wangechukua 14 au 16, na tofauti ya bei wakaifungia kwenye matengenezo, mafuta na marubani kwa miaka 15, leo tungekuwa tunazungumzia kikosi kidogo kilicho imara, na huenda hata wewe usingelazimika kuuliza.

Karibu nasi zaidi, Uganda ilipokea ndege sita za Su-30MK2 kutoka Urusi katika miaka ya 2011 na 2012, na mjadala mwingi wa wakati ule ulihusu bei na namna fedha zilivyotolewa. Ilikuwa haki kuuliza hayo. Lakini ndege ile ina injini mbili kubwa, kila moja yenye muda wake wa kufunguliwa na kufanyiwa ukarabati mkubwa, kwa hiyo swali la bei ya kununua lingepaswa kufuatwa papo hapo na la pili: injini hizo 12 zikifikia muda huo, zitafunguliwa wapi, na nani, na kwa fungu lipi la bajeti?

Kwa hiyo ukisoma tena habari kwamba jeshi fulani la anga limeipokea ndege mpya, usihesabu ndege zilizo kwenye picha. Tafuta kama habari hiyo inataja muda wa mkataba wa huduma na idadi ya marubani waliomaliza mafunzo, na kama silaha zimenunuliwa pamoja na ndege au zimeachiwa awamu ijayo. Mara nyingi hutayakuta. Yakikosekana, rudi kutazama baada ya miaka mitatu uone ni ngapi zinaruka siku ya kawaida ya Jumanne, siku isiyo na gwaride wala mgeni rasmi.